Nilivyopunguza uchovu kwenye Ford Model T yangu

Ukiendesha Ford Model T kwenye barabara ya vumbi, mabega huchoka kabla ya mgongo. Kwa hiyo watu waliponishauri niweke sponji nene kwenye siti, niliwasikiliza, kisha nikaanzia chini, kwenye ekseli ya mbele. Gari langu ni la wazi, la miaka ya 1920, lile la Canada lenye usukani wa kulia.

Gea za usukani wake zipo juu, chini tu ya gurudumu unaloshika, na uwiano wake ni 4 kwa 1, yaani usukani unazunguka mara nne ili mhimili ulio chini yake uzunguke mara moja. Ukigonga jiwe, mkono unapata habari papo hapo. Ford wenyewe walibadilisha uwiano ukawa 5 kwa 1 miaka ya mwisho, kabla ya kuacha kuitengeneza mwaka 1927. Mimi nilitaka la kwangu libaki lilivyotoka kiwandani, hivyo wepesi niliutafuta kwenye maungio.

Nilipiga jeki, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa. Kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zilikuwa zinacheza. Fundi wa kukereza akanitengenezea bushi mpya, akazipanua taratibu mpaka kingpini ikapita bila kukwama wala kulegea. Kazi hii usimpe mtu mwenye haraka. Ile fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda magurudumuni ina vifuniko vinavyokumbatia mpira wa chuma kila upande; nilivipiga tupa kidogo kidogo hadi mchezo ukaisha. Gea za juu nikazisafisha na kuzijaza grisi. Magurudumu ya mbele nikayafunga yaelekeane kidogo kwa mbele, milimita 5 hivi, na tairi nikazitia upepo wa pauni 60, maana tairi nyembamba ikilegea usukani unakuwa mzito kabisa.

Ndipo nikageukia siti. Tangi la petroli liko chini yake: ukitaka kujaza, dereva anashuka, mto unainuliwa, petroli inapimwa kwa kijiti. Lazima basi mto ubaki wa kutoka. Tena ukiunenepesha, mapaja yanabanwa na usukani. Kuna na jambo la mguu wa kushoto. Gea ya chini haishiki yenyewe. Unakanyaga pedali na kuishikilia muda wote wa kupanda mlima, na ukingo mgumu wa mto unakubana damu isipite nyuma ya goti.

Fundi wa siti alitaka kutupa springi na kujaza sponji tupu. Nilikataa. Tulibadilisha springi zilizolala tu, tukarudisha singa za farasi juu yake, kisha ukingo wa mbele tukaushusha na kuulainisha. Kwenye egemeo tuliongeza ujazo pale kiunoni peke yake, maana ukijaza egemeo lote unasukumwa mbele na nafasi, ambayo ni ndogo tayari, inakwisha.

Sasa napanda ukingo wa Bonde la Ufa na mguu haunifi ganzi. (Tangi liwe na petroli ya kutosha, kwa kuwa inateremka kwa uzito wake tu kwenda kabureta, na mlima mkali unaweza kuikatiza.) Mtetemo wa mawe bado upo, na utakuwepo kwa uwiano ule wa gea. Penye mashimo naweka dole gumba juu ya ukingo wa usukani, nisiliingize ndani, kwa sababu usukani ukirudi ghafla mkono wa chuma ulio ndani ya usukani unaweza kulivunja.