Hiace yangu ilivyopita ukaguzi bila viti

Shemeji yangu anisamehe, lakini leo lazima nimseme. Ndiye aliyeniapia mbele ya mke wangu, chapati mkononi, kwamba gari likishatolewa viti halipiti ukaguzi hata siku moja. "Watakung'olea namba, shemeji, ubaki na bati." Yeye gari hajawahi kumiliki. Ana boda, tena ya mkopo.

Gari lenyewe ni Hiace ya zamani, ile yenye injini chini ya viti vya mbele. Kabla sijainunua ilikuwa teksi, abiria 14, ikipiga ruti ya Busia na Tororo, huku Uganda. Mimi nauza mayai. Nachukua trei Mbale, nazishusha hapa Busia, nyingine zinavuka mpaka kwenda Kenya. Trei moja ni mayai 30, na ukizipanga juu ya viti vya teksi, utafika na uji. Kwa hiyo viti ving'oke.

Kung'oa ni kazi ya asubuhi moja, sina haja ya kuieleza. Ila jueni kitu kimoja ambacho wazee wa kijiweni hawakijui: Hiace nyingi zinatua nchini zikiwa gari za mizigo, nyuma kweupe, halafu mafundi wetu wa vyuma ndio wanaochomelea fremu za viti na kuzifunga sakafuni kwa boliti. Nilipochungulia chini ya viti vyangu nikaona kabisa mabomba ya kuchomelea na rangi ya brashi. Kumbe nilikuwa nairudisha gari kwenye umbo lake la kuzaliwa. Nilimwambia shemeji hivyo, akaniambia nimwambie polisi.

Ushauri wa pili wa kijinga ulitoka kwa jamaa mmoja pale tunapoosha magari. Akasema, na kile kiti cha kushoto mbele je? Toa na hicho, utapata nafasi ya trei nyingine kama 20. Hesabu ikanilainisha. Nikakitoa, pamoja na lile godoro lake zito la chini ambalo nililiona takataka tu. Siku ya kwanza nikapakia Mbale alfajiri, trei za mbele nikazipanga pale pale juu ya mfuniko wa injini, nikazifunga kwa mpira wa baiskeli, nikajiona profesa.

Kabla hata sijauona mwamba wa Tororo, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeiva. Joto lilipanda kama nimekalia jiko la mkaa, na kelele yake, simu ikiita nilikuwa naiona tu, siisikii. Nikafungua madirisha yote, vumbi likaingia. Nikafunga, harufu ya dizeli ikaingia. Nikafika Busia macho mekundu kama mtu aliyetoka matangani. Kesho yake mama mmoja wa chipsi akanirudishia trei. Akapasua yai mbele yangu kwenye sahani: ute ulikuwa umeanza kuwa mweupe pembeni. "Mwanangu, umeanza kuuza ya kuchemsha?" Wateja wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini. Kiti kikarudi jioni ileile, na godoro lake nikalifukua nyuma ya banda la kuku. Kile kiti si kiti tu, ni kofia ya injini.

Sasa ukaguzi. Ilinibidi kubadilisha matumizi ya gari kutoka abiria kwenda mizigo, na bila karatasi ya mkaguzi wa polisi hakuna mahali unapofika. Nilipaswa kwenda hivihivi. Lakini maneno ya shemeji yalikuwa yameniingia, usiku silali. Nikaamua kurudisha viti vyote kwa siku moja tu, nikaguliwe, kisha nivitoe tena.

Tatizo: viti nilikuwa nimeshaviuza. Vilikuwa kwenye kibanda cha mpira, watu wanavikalia kutazama ligi ya Uingereza. Nikamwendea mwenye kibanda, nikambembeleza, akaniazima kwa sharti moja, Jumamosi kabla ya mechi ya kwanza viwe vimerudi. Nikampa na trei mbili za mayai juu. Ijumaa usiku mimi na fundi tukavifunga kwa mwanga wa simu, boliti mbili mbili kila kiti badala ya nne, kwa sababu matundu mengine yalikuwa yamejaa kutu na moja hatukuliona kabisa.

Kesho yake afande mkaguzi alipanda, hakuuliza kitu. Akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti cha kwanza akakisukuma kidogo. Kikalala chali. Akaenda cha pili, kikayumba kama kiti cha bibi. Maganda ya karanga yakamwagika sakafuni. Kwenye kiti cha tatu mtu alikuwa ameandika ARSENAL kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake mwingine akajibu kwa tusi. Afande akasoma taratibu, akanigeukia.

"Mzee, hii ni teksi au ni kibanda?"

"Afande, ni gari la mayai."

"Sasa viti vya nini?"

Nikakosa jibu. Nikamweleza ukweli wote, mpaka shemeji. Alicheka akashika kiuno. Halafu akanifelisha, na kwa haki. Alivyonieleza ni hivi: kiti ambacho hakipo hakimuui mtu, lakini kiti kilichopo kinatakiwa kishike imara na kiwe na mkanda wake. Vyangu havikuwa na mikanda, iliishia kwa mwenye kibanda, anafungia turubai. "Ungeniletea tupu, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Na hayo mambo mengine ndiyo yaliyonila pesa, wala si viti. Akapiga magoti akamulika tochi sakafuni. Boliti zilizosimama, ncha juu, zinaweza kumchana mtu au kutoboa tairi la akiba likirushwa huko. Matundu yanayoonyesha lami: moshi wa ekzosi unaingia humo mpaka kwa dereva, na kumbe ndiyo ile harufu iliyoingia nilipofunga madirisha. Hakuna kizuizi kati yangu na mzigo, nikifunga breki ghafla trei zote zinanifuata kisogoni. Ule mstari wa teksi wa bluu na nyeupe bado uko ubavuni. Na logibuku, yaani kadi ya gari, inasema abiria 14 wakati gari litabaki na viti vya mbele tu.

Saa saba na nusu viti vilikuwa kibandani. Mechi ilinikuta jasho linanitoka.

Wiki iliyofuata fundi alikata boliti kwa grenda zikawa sawa na sakafu, akaziba matundu kwa vipande vya bati (mtoto akishika gunia bichi pembeni, maana tangi la mafuta liko jirani, msifanye utani na hilo), akachomelea wavu wa nondo nyuma ya kiti changu. Mstari wa bluu niliukwangua mwenyewe kwa sandipepa, na bega bado linanikumbusha.

Kitu ambacho hakuna mshauri hata mmoja aliyenitajia ni breki. Gari likishapungua viti, nyuma linakuwa jepesi. Nilivipima kwenye mizani ya mahindi kabla sijaviuza, vyote pamoja vilikaribia kilo mia na kitu. Sasa nikifunga breki nikiwa mtupu, matairi ya nyuma yanateleza kwenye barabara ya murram kama yamepakwa sabuni. Fundi akalala chini akaniita. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu yenye mkono wa chuma, inapima mzigo: gari likiinama inaongeza nguvu ya breki za nyuma, likiinuka inapunguza. Mkono wa yangu ulikuwa umeganda kwa kutu na tope mahali pa gari lililojaa. Tukauosha kwa mafuta ya taa, ukaanza kucheza. Afande aliporudia kulijaribu barabarani lilisimama limenyooka, na mimi nikatazama pembeni kana kwamba nilijua siku zote.

Lilipita. Makaratasi sitayaeleza, nilijaza, nikalipa, nikarudi, nikaambiwa nirudi tena. Bima pia nilibadilisha, ya teksi na ya mizigo si moja. Gharama yote ni laki nne, labda tano. Sikuandika popote, ningeandika mke wangu angesoma.

Juzi shemeji kaja, adabu zote, kofia mkononi. Wana harusi Mbale, watu kumi, je, Hiace ipo? Nikamwambia ipo, imepita ukaguzi, lakini nyuma ni mayai tu yanayoruhusiwa kukaa. Kama anataka viti, aende kibandani, aombe kabla ya Jumamosi.