Barua Iliyoandikwa "YAH: TAARIFA"

Mwanzoni mwa Aprili masjala za halmashauri, yaani ofisi za barua na majalada, hufurika taarifa. Robo ya tatu ya mwaka wa fedha hufungwa Machi 31, na watendaji wa vijiji na kata huleta za kwao kwa mkupuo, nyingine kwa mkono, nyingine kwa konda wa basi. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa mgeni kazini, mtunza kumbukumbu katika halmashauri moja ya wilaya huko bara, chini ya mama mmoja aliyeishika masjala ile tangu sijaanza shule.

Barua ikifika hugongwa mhuri, huandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia, hupewa namba ya folio (nafasi yake jaladani), hufungwa katika jalada lake, kisha jalada hupelekwa kwa afisa anayehusika. Siku yenye barua nyingi, mtu wa masjala hazisomi zote. Anasoma mstari mmoja tu, ule wa herufi kubwa uliopigiwa mstari: YAH, yaani "yahusu". Mstari huo ndio unaochagua jalada, na jalada ndilo linalochagua meza. Aliyeandika yuko mbali, hawezi kuja kueleza alikusudia nini.

Katika rundo la Aprili ile kulikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji kimoja iliyosema "YAH: TAARIFA", basi. Ilianza kama zinavyoanza barua zetu nyingi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Lakini hapo juu hapakuwa na kitu cha kuhusika nacho. Ikafungwa pamoja na taarifa za robo mwaka, na yeyote angeiweka hapo hapo.

Wiki iliyofuata mama alikuwa akiandaa majalada ya kwenda kwa Afisa Mipango. Akaona barua ile ni ya ukurasa mmoja na haina hata jedwali moja, akashangaa, akaisoma mpaka chini. Aya ya tatu ilisema gesi ya jokofu la chanjo katika zahanati ya kijiji imekwisha, mtungi wa akiba hakuna, na mganga mfawidhi anaomba mwingine. Kijiji hakikuwa na umeme, na simu zilishika mlimani tu.

Mama hakumgombeza mtu. Aliichomoa barua, akaenda nayo mkononi hadi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nami nikimfuata. Kesho yake alfajiri gari likaondoka na mtungi. Mratibu wa chanjo aliporudi alituonyesha vichupa vya matone ya polio. Chanjo hizi kwenye jokofu la zahanati hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kwenye kila kichupa kuna duara lenye mraba mweupe ndani yake. Kadiri chanjo inavyokaa kwenye joto mraba hukolea, na ukishalingana rangi na duara, chanjo ni ya kutupwa. Matone ya polio ni mepesi mno kuharibika kwa joto. Vichupa vyote alivyotuonyesha vilikuwa vimekolea. Siku ya kliniki kina mama walikuwa wamekuja na watoto mgongoni, wakarudi bila matone.

Hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu mtendaji yule hakuzembea. Aliandika mapema, kwa mwandiko safi, akafuata ngazi zote. Siku hizi napokea barua pepe zenye kichwa "Habari" au "Muhimu", nyingine hazina kichwa kabisa, na kila nikiiona moja huwa naisoma mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine.

Mwisho wa mwezi mtendaji alikuja wilayani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

Mama akaiweka barua mezani, akaifunika kwa karatasi nyeupe, akaacha kichwa tu kikionekana.

"Nisomee. Sasa niambie nimpelekee nani."

Kijana akanyamaza kidogo. "Lakini mama, chuoni tulifundishwa kichwa kiwe kifupi."

"Kiwe kifupi, sawa. Ila kiniambie ni kitu gani, na ni cha wapi."

Wakakaa kukiandika upya. Yeye alitaka kuanza na "HARAKA SANA". Mama akakataa, akamwonyesha barua za siku ile, karibu nusu yake zimeandikwa "HARAKA". "Andika kilichotokea. Mwenye kazi yake akikiona ataharakisha mwenyewe." Wakafikia "YAH: KUISHIWA GESI YA JOKOFU LA CHANJO," na jina la zahanati.

Miezi michache baadaye kijiji kilijibu barua yetu kuhusu mitungi. Kumbukumbu namba ilikuwa ile ile na kichwa kile kile, kama inavyotakiwa kwa majibu, lakini aya ya mwisho iliomba madawati ya shule. Mama alitoa nakala, akaifunga katika jalada la elimu, na pembeni akaandika barua yenyewe iko jalada gani. Kisha akampigia mtendaji, ambaye bahati nzuri alikuwa mlimani: "Mwanangu, madawati yaandikie barua yake. Jalada la chanjo halifiki kwa Afisa Elimu."

Barua hiyo ilikuja na basi la Ijumaa: "YAH: UPUNGUFU WA MADAWATI, DARASA LA TATU NA LA NNE." Nikaifunga katika jalada, nikalipeleka kwa Afisa Elimu kabla ya saa sita.