Mkono Uliokwenda Wenyewe

Juzi, tulipokuwa tukiingia Buxton, hapa Mombasa, kutoka upande wa Makupa, binti yangu alikusudia kuwasha indiketa, akawasha waipa. Jua lilikuwa la saa saba, kioo kikavu kabisa, na zile waipa zikakwaruza vumbi kwa kelele hata dereva wa tuktuk aliyekuwa kando yetu akacheka waziwazi. Gari alilojifunzia ni la Kijapani, na indiketa yake iko kulia kwa usukani. Hili tuliloachiwa na mjomba wake limetengenezwa Ulaya, na vijiti hivyo viwili vimebadilishana mahali. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimkemee, akaniwahi: "Mkono umekwenda wenyewe, Baba." Nikakifunga kinywa, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, neno kwa neno, mwezi wa Juni 1999, kule Port Reitz, kwenye uwanja wa ndege wa Mombasa, na niliyemwambia ni Kapteni, rubani aliyekuwa akinifundisha.

Siku ile tulikuwa tumetoka Lamu na maboksi ya samaki, Kapteni na mimi peke yetu, mimi nikiwa kiti cha kushoto kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nafundishwa ndege ya injini mbili, baada ya saa nyingi za Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, na za ndugu yake mkubwa, 210, ambayo miguu yake ya magurudumu hukunjwa ikiwa angani. Safari yenyewe haina la kusimulia. Mombasa tulikuta manyunyu yamepita muda si mrefu, na kusi, kama ilivyo desturi yake mwezi huo, ilikuwa ikivuma kwa nguvu kutoka baharini.

Njia kuu ya kurukia ndege ya uwanja wetu imelala kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, kwa hiyo wakati wa kaskazi rubani anaweza kutua upepo ukimpokea usoni, lakini kusi humpiga ubavuni. Anayetua kuelekea kusini-magharibi huipata mkono wa kushoto, na dawa yake inajulikana: usukani hugeuzwa upande unakotoka upepo ili bawa la upande huo lisinyanyuliwe, na kadiri ndege inavyopunguza mwendo ndivyo usukani unavyozidi kugeuzwa, kwa sababu vile vibawa vidogo vya nchani hupoteza nguvu hewa inapopita juu yake polepole. Watu hudhani kwamba magurudumu yakishagusa chini kazi imekwisha. Kwenye kusi, kazi huwa imebadilika tu.

Nilitua vizuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana kutua vizuri ndiko kulikoniponza. Gurudumu la kushoto liligusa kwanza, likafuata la kulia, kisha la mbele, nami nikajiona nimeshafika nyumbani. Hapo mnara wa kuongozea ndege ukatuomba tuondoke njiani mapema, kwa kuwa nyuma yetu kulikuwa na ndege kubwa ya watalii. Njia ile ina urefu wa zaidi ya kilomita 3, na ndege yetu haikuhitaji hata theluthi yake, lakini kijana anayeharakishwa na mnara huona lami yote imekwisha. Nikawaza: nikunje flapu, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, mabawa yaache kubeba, uzito ushuke kwenye magurudumu, breki zikamate vyema juu ya lami iliyoloa. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga.

Mkono wangu wa kulia uliacha vishikio vya injini, ukaenda kulia. Katika Cessna, flapu ziko kulia, na katika ile 210 kishikio cha miguu kiko kushoto. Katika ndege hii mambo yalikuwa kinyume: flapu kushoto, miguu kulia. Nilijua. Asubuhi ile ile, kabla hatujaondoka, Kapteni alinihoji juu ya swichi hizo nami nikamjibu bila kusita, hata nikahisi ananidharau kwa kuniuliza.

Ninachokumbuka kuliko vyote ni umbo. Kidole gumba na kidole cha shahada vilikutana na kitu cha mviringo, chenye ukingo, kidogo kama kifungo cha koti, na vidole vikajua kwamba hilo ni gurudumu kabla mimi sijajua. Swichi ile haipandi mpaka kwanza ivutwe itoke mahali inapojifunga, nami nikaivuta. Nilihisi chuma kikiachia, mguso mdogo sana. Nilisikia harufu ya samaki, na harufu ya mvua iliyochanganyika na mpira uliopata moto, na kwa pembe ya jicho nikaona mstari wa minazi huko mbele ukianza kulala upande. Sikuelewa kwa nini minazi inalala. Mkono wa kushoto, ulioachiwa usukani peke yake, ulikuwa umelegea, na kusi ikapata nafasi chini ya bawa. Vidole vilijua, macho yaliona, na katikati yake palikuwa na mkono ambao haukuwa ukimsikiliza yeyote.

Kiganja cha Kapteni kikashuka juu ya mkono wangu. Hakunipiga. Alikiweka tu pale, kizito, kama mtu anavyofunika sufuria, na kwa mkono wake mwingine akageuza usukani wa upande wake kwenda kushoto mpaka ukakataa. Bawa likarudi chini, minazi ikasimama. "Hilo ni gurudumu," akasema, kwa sauti ile ile aliyozoea kuagizia chai.

Tulipozima injini kwenye maegesho ndipo nilipomwambia kwamba mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Akatafakari kidogo huku akikusanya karatasi zake. "Basi usiupe kazi mpaka tusimame," akasema, akashuka kutafuta watu wa samaki.

Kwa siku kadhaa nilijifariji kwamba hata kama ningeinyanyua ile swichi, miguu isingekunjika, kwa kuwa ndege za namna hiyo zina kinga: swichi nyingine ndogo iliyofungwa kwenye mguu huzuia kukunja wakati mguu umebanwa na uzito wa ndege. Fundi mmoja alinivunjia faraja hiyo bila kukusudia. Alinieleza kwamba mara tu baada ya kugusa chini mabawa bado yanabeba sehemu kubwa ya uzito, mguu unakuwa haujajibana sawasawa, na bawa likinyanyuliwa na upepo mguu wa upande huo hujinyoosha kana kwamba ndege iko angani bado. Niliinama nikaendelea kunywa chai yangu. Bawa lililonyanyuka siku ile nilikuwa nimelinyanyua mimi.

Nilikuja kusoma kwamba hata ule mviringo ulioshikwa na vidole vyangu una historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama na ndege kubwa za kivita za B-17, kisha, zikiwa bado zinakimbia chini, wanakunja miguu badala ya flapu. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza alikuta swichi mbili zinazofanana, zimepangwa ubavu kwa ubavu, na dawa aliyoitoa ilikuwa rahisi hata inaaibisha: swichi ya miguu ipewe umbo la gurudumu, ya flapu ipewe umbo la bawa, ili mkono utambue hata gizani. Umbo hilo liliingia katika kanuni za utengenezaji wa ndege, na liko mpaka leo. Hata hivyo, mwaka 1980 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitoa ripoti nzima kuhusu marubani wa ndege ndogo waliokunja miguu wakiwa wameshatua. Kwa upande wangu, umbo lilifanya kazi yake. Lilisema kweli, tena lilisema mapema.

Waliosoma urubani watanikatiza hapa, na wana haki. Kitabu cha mafunzo cha mamlaka ya anga ya Marekani kinataka ukaguzi wa baada ya kutua ufanywe ndege ikiwa imeshatoka njiani na kusimama kabisa, na sababu inayotajwa ni hiyo hiyo ya kushika kishikio kisicho chake. Lakini kitabu cha rubani cha Cessna 172, kinapoeleza kutua kwenye njia fupi, kinaagiza flapu zikunjwe mara magurudumu yote yakiwa chini, ili breki zipate nguvu zote. Kweli, miguu ya 172 haikunjwi, hivyo mtu hana cha kukosea. Ila mkono hujifunza pale, kisha huhama na elimu yake kwenda kwenye ndege nyingine. Mimi sikubishana na Kapteni. Kilichonisumbua, na bado kinanisumbua, si swichi. Ni ule usukani: kazi iliyokuwa ikiendelea, ambayo haikuwa na wa kuifanya isipokuwa mimi, niliiacha ili nikafanye kazi ambayo ingeweza kusubiri mpaka tufike kwenye chai.

Miezi michache baadaye tulitua kwenye kiwanja cha udongo huko Tsavo, kifupi, kimeota majani mabichi, na breki ya kushoto ikawa inazama chini ya mguu wangu pasipo kukamata. Vichaka vya mwisho wa kiwanja vilikuwa vinakuja. Nilikaza usukani, nikasema "flapu" kwa sauti, nikapeleka mkono kushoto, nikasubiri mpaka vidole vilipokutana na kile kipande bapa, nikazikunja. Tulisimama mahali ambapo ningeweza kuhesabu miiba. Kapteni alikuwa ameutazama mkono wangu tangu ulipoondoka mpaka uliporudi. Kiganja chake kilikuwa kimenyanyuka kidogo juu ya goti lake, kikakaa hapo hewani, kisha kikashuka. Hakusema kitu, wala sikumuuliza, na tulipokuwa tukipakua mizigo alizungumzia habari za mvua.

Pale Buxton nilimsimulia binti yangu habari za Port Reitz mpaka taa zikaturuhusu. Ya Tsavo sikumwambia.