Gari moja la rally, madereva wawili: tulivyokubaliana nani alipie nini

Mimi na mwenzangu tunatumia Subaru Impreza moja, injini ya EJ20 yenye turbo, kwa autocross (mbio fupi za kushindana na saa uwanjani) na rally fupi za hapa Kenya. Gari ni langu, yeye hulikodi kwa siku ya mashindano, na mara nyingine tunaliendesha sote siku hiyo hiyo. Makubaliano ya "ukigonga utalipa" hayatoshi kabisa. Kugonga ndiko rahisi: mlango umebonyea, mti uko pale. Ugomvi huja pale injini au giaboksi inapokufa bila gari kugusa kitu, na kila mmoja anaapa kwamba si yeye.

Kwanza bima, maana wengi huitegemea bure. Bima ya kawaida ya gari, hata ile kubwa, huwa na kifungu kinachokataa mbio na majaribio ya mwendo kasi. Bima ya wahusika wengine inayotakiwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya lazima iwe hai gari linapopita barabara ya umma kutoka steji moja (kipande cha njia kilichofungwa kwa ajili ya mbio) hadi nyingine, lakini haitengenezi bampa yako. Ndani ya steji, hasara ni ya mifuko yenu wawili.

Karatasi yetu ni ukurasa mmoja, na hutiwa sahihi kabla ufunguo haujatolewa. Dereva analipia chochote kilichotokana na kugonga, kupinduka au kutoka njiani: bodi, vioo, rimu, mikono ya suspenshoni, keji (fremu ya mabomba inayomkinga dereva gari likipinduka) ikipinda. Mikanda ya usalama imo pia. Baada ya pigo kubwa hubadilishwa hata kama haionyeshi dosari, kwa sababu nyuzi zikishavutika mara moja hazifai tena. Mwenye gari analipia kuchakaa: breki, beringi za magurudumu, mipira ya suspenshoni, oili na filta. Matairi kila mtu hununua yake.

Injini, giaboksi na klachi tuliziwekea mfuko. Kila kilomita ya mashindano, anayeendesha anachangia. Tuseme kufumua giaboksi na kuiunda upya ni shilingi 200,000, na tunatarajia idumu kilomita 1,000 za steji. Mchango ni shilingi 200 kwa kilomita. Ikivunjika yenyewe, mfuko unalipa. Ikivunjwa kwa kosa la wazi la dereva ikiwa imeshakwenda kilomita 600, yeye anaongeza asilimia 40 iliyobaki, yaani shilingi 80,000. Si haki alipie giaboksi mpya kabisa ilhali aliyoivunja ilikuwa imeshatumika zaidi ya nusu ya maisha yake. Kwa Subaru hizi za gia tano, gia ya tatu ndiyo ya kuangalia, hasa mtu akiachia klachi kwa nguvu huku matairi yameshika vizuri.

Sasa, "kosa la wazi" linajulikanaje? Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi zaidi, na ningemshauri mtu yeyote asikubali kukodi au kukodisha bila sehemu hii.

Kompyuta ya gari inatunza kiwango cha juu cha mizunguko ya injini. Tunakifuta mbele ya wote wawili kabla ya kuanza. Kompyuta yetu inakata mafuta kwenye mizunguko 7,200 kwa dakika, kwa hiyo mguu peke yake hauwezi kuipeleka injini mbali zaidi ya hapo. Lakini dereva akiwa gia ya tatu, akataka ya nne akaingiza ya pili, ni magurudumu yanayoizungusha injini, na kukata mafuta hakusaidii kitu. Tukisoma 8,500 jioni, tunajua gia ilikosewa. Hata kama injini bado inanguruma vizuri, tunaandika, kwa sababu beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti ya injini) zinaweza kugonga mashindano mawili baadaye, na lawama ikamwangukia asiyehusika.

Joto nalo lina sheria yake. Jiwe likitoboa radieta, hasara ya radieta tunagawana nusu kwa nusu. Mawe hayamchagui dereva. Lakini taa ya onyo ikiwaka kwenye digrii 108 na dereva asizime gari, gasketi ya silinda hedi ni yake yote. Kutobolewa ni bahati mbaya, kuendelea ni uamuzi.

Upande wa mwenye gari pia lazima uthibitishwe. Kabla ya kukabidhi, fundi hupima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda) injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini, kisha namba za silinda zote nne zinaandikwa. Silinda dhaifu ikipungua zaidi ya asilimia 10 kuliko ile bora, gari haliendi. Filta ya oili ya zamani hukatwa, karatasi yake ikakunjuliwa juani. Ikiwa nyeusi tu, sawa. Ikimeta vijipande vya shaba au fedha, beringi imeanza kulika, na hilo ni langu. Nati ya kumwagia oili ya giaboksi ina sumaku: ute wa kijivu ni kawaida, kipande chenye ncha ni jino la gia.

Kisha tunapima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo vyote viwili vinaandikwa. Upande mmoja ukipungua milimita 5 au zaidi baada ya mashindano, kuna mkono uliopinda hata kama bodi haina mkwaruzo. Picha za chini ya gari ni muhimu kuliko za juu; huko ndiko mawe yanakopiga.

Tukiendesha siku moja, kati ya raundi zake na zangu gari hupumzika dakika 15, boneti wazi, nati za magurudumu zikakazwa upya kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi 100 Nm, na anayepokea huandika anachokiona. Kisichoandikwa wakati wa kupokea ni cha aliyepokea. Wa kwanza akiliharibu gari kabla ya zamu ya pili, anarudisha ada ya mwenzake ya kuingia mashindano, basi. Nauli na hoteli hazimo.

Malipo ya ajali yana mpaka: shilingi 350,000 kwa dereva, inayozidi ni yangu. Mpaka huo unaanguka akimpa mtu mwingine usukani, au akipuuza taa ya joto. Bei za spea ni makadirio mawili yaliyoandikwa, moja likitoka maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi. Tukibishana, fundi wa tatu ambaye hatatengeneza gari hilo ndiye anayeamua.

Amana ni nusu ya mpaka huo, na hushikwa na mtu tunayemwamini wote wawili. Asiwe fundi, kwa sababu yeye hupata kazi gari likiharibika. Kompresheni hupimwa tena ndani ya siku 7, kwa kipimo kile kile, na namba zikilingana pesa zinarudi siku hiyo hiyo.