Bibi, benchi na nauli ya basi

Jana nimekaa mpaka saa sita usiku nasoma habari za Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, yaani kilichoniuma ni nauli. Mgonjwa wake mmoja alijiua 2005, na mamaake akasema walitaka kumleta hospitali Harare ila hawakuwa na dola 15 za basi. Dola 15 jamani!

Basi 2006 jamaa akaanza na bibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare, hana ofisi hana bajeti, akaweka benchi nje ya kliniki, bibi anakaa hapo na mwenye shida wanaongea. Mwanzo aliliita benchi la afya ya akili, wale bibi wakamwambia hapo hakai mtu (ningekuwa mimi nisingekaa pia), likawa benchi la urafiki, na hawakusema "depresheni", walisema kufungisisa, kwa Kishona ni kuwaza kupita kiasi, si ndo tunavyosema hata sisi, "mawazo yamemzidi".

Akapima sasa: watu 573, kliniki 24, matokeo yakatoka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na bibi, waliobaki na dalili za depresheni walikuwa kama 14%, kati ya waliopata huduma ya kawaida 50%. Na Zanzibar mabenchi yameshafika.