Sekunde kumi na moja za Mama Njugu

Ni saa saba usiku na usingizi haujaja. Dada amejifungua Jumanne, mvulana, kilo 3.2, wote wazima. Mwenye nyumba amepandisha kodi. Ile barua ya ufadhili niliyoingoja tangu Agosti imefika na wamekubali. Lakini kila nikilala najikuta nimerudi ukumbini tulikoonyesha filamu ya Mama Njugu, muuza njugu aliyemtoroka mtu aliyekuwa akimpiga. Anafunga leso kiunoni, ananiuliza bila hata kuniangalia:

"Ile ya mwiko iko wapi?"

"Ipi, Mama?"

"Ile nilicheka."

"Tulipunguza kidogo, Mama. Filamu ilikuwa inakuwa ndefu."

"Haya." Akakaza fundo la leso, akachukua ndoo yake. "Hata yeye hakuwa anapenda nikicheka."

Akatoka. Wala hakusema kwa hasira. Angenigombeza, ningeomba msamaha tukamaliza.

Filamu yenyewe ni dakika 14. Haikuwa ndefu. Nilimdanganya.

Mnaosoma hapa mnakumbuka siku tuliyorekodi kwake. Tulikubaliana uso usionekane, mikono tu: anaviringisha karatasi ya daftari, anaminya ncha, anamimina njugu, anafunga mdomo kwa kidole gumba. Huku anasimulia usiku aliotoroka. Alikuwa anasonga ugali kipigo kilipoanza. Akakimbia hivyohivyo, hana viatu, hana kitambulisho, na alipofika mbele ya meza ya kituo cha polisi ndipo akaona kwamba bado ameshika mwiko, unga umeshaanza kukauka. Afisa wa zamu akamuuliza kama amekuja kupika. Hapo ndipo Mama Njugu anapocheka. Anacheka mpaka karatasi inamponyoka na njugu zinatawanyika kwenye sinia. Sekunde 11. Nimezihesabu tena leo usiku, mara nne.

Nilizikata mimi, si mtu mwingine. Wenzangu walitaka zibaki. Nikawaambia, nawajua watu wa ukumbini, wakimsikia anacheka watasema kumbe halikuwa jambo kubwa. Niliogopa hilo kweli kweli. Nimeshaona mwanamke akitiliwa shaka kwa sababu alieleza mambo yake na macho makavu. Basi nikamtengenezea huzuni isiyo na doa, ili asipewe lawama. Na utaratibu tuliufuata: aliyesimulia huonyeshwa kwanza, akatae au akubali. Nilimwonyesha kwenye simu, pale kibandani, jioni, wateja wamesimama. Akasema sawa tu. Ni mwanamke gani mwenye wateja watano mbele yake atasema si sawa?

Maonyesho ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia tumeyaanza tarehe 25 Novemba, hapa Nairobi, mtaa wa Huruma, ukumbi wa kanisa. Mvua ilipiga mabati hadi ikabidi tusimamishe filamu na kungoja. Swali la "alifanya nini mpaka akapigwa" lilikuja kutoka nyuma kama kawaida, ila safari hii aliyeuliza alijibiwa na mama aliyekaa karibu naye kabla sijafungua mdomo. Msichana mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kuhusu hospitali. Nikamweleza kwamba aliyebakwa aende mara moja asioge kwanza, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kwamba P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, ni bure. Tulipoandika ukutani 1195, nambari ya simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili, niliona simu zikitoka mikobani, zinaandika haraka na kurudi. Wengi pia hawakujua kwamba sheria ya 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inampa hakimu uwezo wa kuamuru mwanamke abaki katika nyumba na anayempiga ndiye atoke. Kulikuwa na ukimya baada ya hilo. Kila mmoja alikuwa akifikiria nyumba fulani.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2022 uligundua kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamepitia ukatili wa kimwili tangu watimize miaka 15. Ni kama mmoja kwa kila watatu. Kwenye mabenchi yale walikuwa wanapeana chai, wanashikiana watoto, wanachekeana. Hakuna aliyefanana na yule wa kwenye mabango, aliyejikunyata kwenye kona, mkono usoni. Tulipoandamana tarehe 27 Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake nililia na nikacheka katika barabara moja, tena nikiwa nimeshikana mikono na watu nisiowajua. Nililijua hili. Nikaketi kwenye kompyuta nikalisahau.

Jana asubuhi nilimfuata kibandani. Nikamwambia ukweli: haikuwa ndefu, niliogopa. Akaniangalia muda, akampa jirani ndoo, akasema, "Twende unionyeshe hiyo mashine."

Alikaa kando yangu saa tatu nzima. Nilimfundisha kusimamisha picha na kuirudisha nyuma, na kufikia saa sita alikuwa ananisukuma mkono niondoke. Kibodi imejaa maganda mekundu ya njugu na sijayafuta. Kicheko alikirudisha chote. Halafu akaenda mbele, pale anapolia, pale ambapo mimi niliacha picha ikae kwa sababu niliiona nzuri sana.

"Hapa nimelia sana."

"Ndivyo ilivyokuwa, Mama."

"Ndiyo. Lakini si wote walikuwepo nilipolia. Punguza."

Tukapunguza. Kisha akaomba tuongeze sauti, akasikiliza kicheko chake amefumba macho, mikono imetulia mapajani. Sijawahi kuiona mikono ile imetulia. Aliniuliza mafunzo ya kamera yanaanza lini Januari, na kama mtu wa miaka 52 anachukuliwa. Nimemwandika wa kwanza. Nilirudi nyumbani kwa miguu, Juja Road yote, nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Alhamisi tunaonyesha tena.

Simu imelia sasa hivi, ni dada. Mtoto anashika titi, ananyonya kidogo, anaachia na kulia, tangu saa mbili. Ananiuliza kama ni kawaida. Sijui. Ngoja nimwamshe shangazi.