Paka wa mama

Mama alipofariki sikulia. Nililala. Siku zikawa zinapita mimi nimegeukia ukutani, simu imezimwa, nguo zilezile. Watu walikuja wakanipa pole, wakaniambia nijikaze, wakaondoka. Sikujua kwamba ile ilikuwa sonona. Nilidhani ni uchovu.

Aliyenitoa kitandani ni Chausiku, paka wa mama.

Nilimchukua kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Mwanzoni alijikunja juu ya sweta ya mama, chakula akikigusa kidogo tu. Kisha alfajiri moja akapanda kitandani, akaniwekea mguu shavuni, kucha kazificha, akabonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena. Njaa ilikuwa imemshika. Nikaamka nikamjazia bakuli lake, na kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikafungua dirisha, nikanawa uso. Kesho yake hivyohivyo. Na keshokutwa.

Nilipopata nguvu ya kwenda kwa mshauri nasaha, aliniuliza asubuhi naamshwa na nini. Nikamtaja paka kwa aibu kidogo. Akaandika. Ndipo akanisimulia habari za Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa Marekani, ambaye miaka ya 1960 aliandika jinsi mbwa wake, Jingles, alivyomsaidia kuwafikia watoto waliojifungia mioyo yao. Baadaye nikasoma pia utafiti wa mwaka 2019 wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington: wanafunzi waliowapapasa paka na mbwa kwa dakika 10 tu walipungukiwa na kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao. Kiganja changu kilikuwa kimeshaniambia.

Simwambii mtu aache matibabu akatafute paka. Mimi ushauri nasaha niliuhitaji, na bado nakwenda. Tena mnyama anataka kulishwa, kusafishiwa, kupelekwa kwa daktari. Usimchukue kama huwezi.

Lakini usiku nilioanza kulia, miezi minne baada ya mazishi, alikuwa amelala kifuani kwangu. Ule mngurumo wake ulikuwa unanitetemesha mbavu. Nililia mpaka manyoya ya shingo yake yakalowa, na hakusogea. Hakuniambia nijikaze. Naye alikuwa amefiwa na mtu yuleyule.

Sweta nimemwachia. Sijaifua mpaka leo.